Maambukizi yanayorudi rudi kwa mwenye thaimoma: mwongozo wa mgonjwa na anayemuuguza nchini Uganda

Mbona uvimbe ulishatolewa na bado nakohoa? Mbona CD4 yangu iko chini na kipimo cha Ukimwi hakina kitu? Hii dripu nitatundikiwa mpaka lini? Nafanya kazi ya uuguzi kwenye wodi ya kifua hapa Kampala, na maswali haya yananifikia kila mara, kwa Kiswahili cha Busia, cha Arua, cha Kasese na cha ndugu zetu kutoka Bunia. Jibu la haraka haraka kwenye korido halimtoshi mtu. Nimeyapanga hapa ili uyafuate ukiwa nyumbani, hatua kwa hatua.

Mwongozo huu ni wako ikiwa wewe ni mtu mzima uliyeambiwa una thaimoma, yaani uvimbe wa tezi ya thaimasi iliyoko nyuma ya mfupa wa kifua, na damu yako imekutwa haina kingamwili za kutosha, zile protini za damu zinazopambana na vijidudu. Hali hiyo inaitwa ugonjwa wa Good, kwa jina la daktari Mmarekani Robert Good aliyeueleza mwaka 1954. Ni nadra. Wengi huupata kati ya miaka 40 na 70. Mwili unaacha kutengeneza chembe za B, zile zinazozalisha kingamwili, na mara nyingi chembe za T, askari wengine wa kinga, nazo zinayumba. Hauambukizi, na mkeo, mumeo au watoto hawana cha kuogopa kwako.

Jambo moja ulishike kabla ya mengine yote: kuutoa uvimbe ni lazima, lakini kwa kawaida hakurudishi kinga. Upasuaji unafanywa kwa sababu thaimoma ikiachwa inaweza kuingia kwenye mapafu na mishipa mikubwa ya damu. Kinga ni suala jingine, nayo inahitaji kusimamiwa maisha yote. Kuna watu ambao upungufu ulijitokeza miaka mingi baada ya kovu kupona, wakati hakuna aliyekumbuka tena kuuliza habari za uvimbe.

Dozi ninazozitaja ni zile zinazotumika kwa kawaida, ili ujue daktari anaongea nini. Dozi yako anaipanga daktari wako.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kaunta buku moja yenye jalada gumu. Karatasi moja moja hupotea.
- Themometa inayosomeka vizuri, na ikiwezekana kile kipima oksijeni cha kubana kidoleni.
- Vikopo viwili au vitatu vya makohozi vyenye mfuniko wa kuzungusha. Viombe maabara mapema, usingoje uugue.
- Nakala za ripoti ya patholojia ya uvimbe, skani za CT, na vipimo vyote vya damu. Zipige picha kwa simu pia, na mtumie mtu mmoja wa familia.
- Jerikani la maji ya kunywa yaliyochemshwa, lenye mfuniko, lisilotumika kwa kazi nyingine.
- Daktari mmoja anayesimamia kesi nzima. Anaweza kuwa wa kifua, wa damu au wa magonjwa ya ndani. Muhimu ni awe mmoja, na mtu wa pili ndani ya nyumba awe na namba yake.

Hatua ya 1: Kamilisha vipimo vya msingi, na vifanywe kabla ya dripu ya kwanza ya kingamwili

Omba IgG, IgA na IgM, ambazo ni aina tatu za kingamwili; hesabu ya chembe za B na T, ikiwemo CD4, kundi moja la chembe za T; picha kamili ya damu; figo na ini; skani ya CT ya kifua; na makohozi kwa GeneXpert ili kifua kikuu kijulikane kipo au hakipo.

Kama uko mbali na maabara inayopima IgG, chukua karatasi ya kipimo cha ini ambayo pengine unayo tayari. Tafuta jumla ya protini, kisha utoe albumini, ambayo ni mojawapo ya protini hizo. Kwa mfano protini yote ni 56 na albumini ni 41: inabaki 15. Jibu likiwa chini ya gramu 18 kwa lita, mwonyeshe daktari namba hiyo kwa kidole. Haithibitishi ugonjwa, lakini ni sababu nzuri ya kutuma damu ipimwe IgG, na imeshalipiwa.

Onyo kubwa la hatua hii. Vipimo vingi tunavyovitegemea vituoni havitafuti kijidudu chenyewe. Vinatafuta kingamwili ambazo mwili umezitengeneza dhidi yake. Wewe huna kingamwili za kutosha, kwa hiyo kipimo kinaweza kusema hakuna kitu na kumbe kipo. Widal ya taifodi, kipimo cha bruselosi, kipimo cha haraka cha Ukimwi na cha kaswende vyote viko kwenye kundi hili. Kwa Ukimwi omba kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, PCR. Kwa homa ya ini B na C vilevile. Kipimo cha haraka cha malaria kinatafuta protini ya kijidudu, na slaidi inamwonyesha kijidudu mwenyewe, kwa hiyo hivyo viwili endelea kuviamini.

Ukishaanza dripu mambo yanageuka: kingamwili za wachangiaji damu zinaogelea mwilini mwako, na kipimo kinaweza kuonyesha ugonjwa usiokuwa wako. Ndiyo maana nasema vipimo vitangulie.

CD4 kuwa chini pamoja na PCR isiyo na virusi hutokea sana katika ugonjwa huu. Nimeona ndoa zikitikisika kwa sababu ya namba hiyo moja. Mwite mwenzako kliniki, daktari awaeleze wote wawili kwa pamoja, siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Tengeneza kadi ya onyo

Siku utakayozidiwa usiku hutaweza kueleza. Andika kwenye kadi ngumu, pande mbili, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili kwa ajili ya daktari wa zamu, uifunike kwa plastiki na uiweke pamoja na kitambulisho:

NINA THAIMOMA NA UPUNGUFU WA KINGAMWILI (UGONJWA WA GOOD). HOMA YA 38 NI DHARURA KWANGU. NISIPEWE CHANJO HAI. VIPIMO VYA KINGAMWILI HAVIAMINIKI KWANGU. DAKTARI WANGU: ... SIMU: ...

Sehemu ya wenye thaimoma wana pia mayasthenia gravisi, ugonjwa unaolegeza misuli: kope zinaanguka, unaona vitu viwili viwili, kumeza kunakuwa kazi. Kama unayo, ongeza mstari huu: KWININI, JENTAMAISINI, SIPROFLOKSASINI, AZITHROMAISINI NA MAGNESIAMU YA MSHIPANI VINAWEZA KULEGEZA MISULI YANGU YA KUPUMUA. Angalia orodha hiyo vizuri. Jentamaisini na siprofloksasini ni miongoni mwa dawa za kwanza kutolewa mtu akiwa na homa, na kwinini bado ipo kwenye makabati mengi. Mtu aliyekuja na nimonia anaweza kuishia kwenye mashine ya kupumulia kwa sababu hakuna aliyeambiwa.

Hatua ya 3: Anza daftari leo

Gawa ukurasa kwa mistari: tarehe, joto, rangi na wingi wa makohozi, oksijeni, kipimo kilichofanyika, dawa na siku zake. Maandishi mafupi yanatosha. Kwa mfano:

*Tarehe 4. Alfajiri 38.2. Makohozi kijani, vijiko viwili. Oksijeni 94. Kikopo maabara saa 2 asubuhi. Amoksisilini-klavulaneti imeanza BAADA ya kikopo.*

Nimesisitiza daftari kwa sababu tatizo kubwa ninaloliona ni kwamba kila ugonjwa unatibiwa peke yake. Nimonia ya Januari ilitibiwa kituo cha afya cha jirani. Sinasi za Machi, yale matundu ya hewa ya usoni, zilipewa dawa dukani. Kuhara kwa Juni kuliitwa taifodi. Utando mweupe wa mdomoni ulipakwa dawa ya matone. Hakuna aliyejumlisha. Daktari akiuona mfululizo huo kwenye ukurasa mmoja, mazungumzo yanabadilika palepale.

Hatua ya 4: Dripu ya imunoglobulini

Hii ndiyo nguzo ya matibabu. Imunoglobulini ni kingamwili zilizochujwa kutoka kwenye plasma, yaani maji ya damu, ya wachangiaji wengi wenye afya. Kwa njia ya mshipa, kipimo cha kawaida cha kuanzia ni miligramu 400 hadi 600 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya wiki 3 au 4. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 24 hadi 36 kwa mara moja. Mwili wako ni mtungi unaovuja: katika wiki tatu hivi, karibu nusu ya ulichopewa kinakuwa kimeisha, na hautengenezi kingine. Kwa hiyo jibu la "mpaka lini" ni hili: kwa walio wengi, maisha yote.

Kabla ya siku ya dripu:

1. Ulizia dawa mapema, wiki mbili au zaidi kabla. Ni ghali na haikai kwenye kila rafu. Nunua kwenye famasia yenye leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Chupa iliyotembezwa na mtu kwenye mkoba bila baridi usiipokee hata ukipunguziwa bei nusu.
2. Soma karatasi ya dawa kuhusu joto la kuhifadhia. Nyingi zinataka nyuzi 2 hadi 8. Ukiisafirisha kwa taksi kutoka Kampala kwenda Mbarara au Gulu, iweke kwenye boksi la baridi, na uizungushie kitambaa isigusane na barafu. Ikiganda imekufa, kuiyeyusha hakuirudishi.
3. Kunywa maji ya kutosha tangu jana yake. Inalinda figo na inapunguza maumivu ya kichwa.
4. Una homa au kifua kimebana? Sema kabla ya kutundikiwa. Maambukizi makali yasiyotibiwa huongeza madhara ya dripu.

Siku yenyewe: chupa iachwe ifikie joto la chumba, isitikiswe wala kutiwa kwenye maji moto. Ikiwa na mawingu au vipande, irudishwe. Mwendo uanze taratibu kwa nusu saa ya kwanza, ndipo uongezwe. Usimbembeleze muuguzi aiharakishe ili uwahi taksi. Baridi, mgongo kuuma na kichwa kuuma mara nyingi hutulia mwendo ukipunguzwa. Kifua kubana, pumzi kukatika, uso kuvimba, au mguu mmoja kuvimba na kuuma siku zinazofuata, hayo si ya kuvumilia. Mkojo ukipungua sana, rudi hospitali.

Bandua lebo ya namba ya toleo la kila chupa uibandike kwenye daftari. Kukitokea tatizo na toleo hilo, ndiyo njia pekee ya kujua kama lilikuwa lako.

Kabla ya dripu inayofuata, mara kwa mara katika miezi ya mwanzo, IgG ipimwe. Madaktari wengi hulenga gramu 7 kwa lita au zaidi, na zaidi ya hapo kwa mtu ambaye mapafu yameshaharibika. Namba peke yake haitoshi, lakini. Kama IgG ni 8 na bado umelazwa mara mbili ndani ya miezi michache, dozi ijadiliwe upya.

Kosa la kawaida: familia kugawa dozi mara mbili, au kuruka mwezi, bila kumwambia daktari. Naelewa kabisa sababu. Pesa za dripu moja ni karo ya mtoto. Lakini daktari akidhani unapata dozi kamili na bado unaugua, atakuongezea dawa usizohitaji. Mwambie ukweli, apange upya kulingana na mfuko wako.

Hatua ya 5: Dawa za kuzuia

Kotrimoksazoli, ambayo wengi tunaiita Septrini, hutolewa kuzuia nimonia ya pneumosistisi, inayoletwa na fangasi, pale chembe za T zinapokuwa zimeshuka. Ni rahisi na inapatikana. Watu wanaiacha kwa sababu jirani akiona kopo lake anadhani ni dawa ya Ukimwi. Ihamishie kwenye chupa nyingine uliyoiandika jina na dozi, lakini usiiache. Ukitoka vipele mwilini au vidonda mdomoni, isimamishe na uende hospitali siku hiyohiyo.

Azithromaisini miligramu 250, mara tatu kwa wiki, hupewa baadhi ya watu wenye kifua kinachosumbua kila mara. Isianze kabla kifua kikuu na vijidudu vya jamii yake hawajaondolewa kwenye hesabu kwa kupima makohozi, na moyo kupimwa kwa ECG. Mwenye mayasthenia arudi kusoma hatua ya 2.

Mkanda wa jeshi unaorudi una dawa yake ya kuzuia, asiklovia. Na fangasi wa mdomo na koo wana yao. Uliza.

Hatua ya 6: Safisha kifua kila siku, hata ukiwa mzima

Nimonia zikijirudia, mirija ya hewa inapanuka na kulegea, makohozi yanatuama humo na vijidudu vinafanya makao. Hatua hii haigharimu shilingi hata moja, na ndiyo inayoachwa upesi kuliko zote.

Keti wima, mabega yamelegea, kikopo mkononi. Pumua kawaida kwa dakika moja. Vuta pumzi ndefu kwa pua, ishikilie sekunde tatu, iachie polepole. Rudia mara tatu au nne. Halafu vuta pumzi ya wastani, ufungue mdomo kama unayetaka kutia ukungu kwenye kioo, usukume hewa nje kwa nguvu ya tumbo, haaa, mara mbili. Usikohoe kwanza. Utasikia makohozi yakipanda na kukoroma juu kifuani. Hapo ndipo ukohoe mara moja, utoe, uangalie rangi, upumzike. Mzunguko huo urudie kwa dakika 10 hadi 15, asubuhi na jioni. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kukuonyesha namna ya kulala upande ili pafu la chini limwage vizuri. Omba uandikiwe umwone.

Damu ikitoka zaidi ya michirizi, acha zoezi na uende hospitali.

Hatua ya 7: Homa ikija

Homa ya 38 au zaidi, usilale nayo. Kama unatumia predinisoloni, dawa ya steroidi, joto linaweza lisipande sana hata hali ikiwa mbaya, kwa hiyo kutetemeka, kuchoka ghafla au kupumua mbio vihesabu kama homa.

1. Pima joto, oksijeni, na hesabu pumzi kwa dakika nzima. Andika.
2. Toa makohozi kabla ya antibiotiki yoyote. Sukutua kwa maji matupu, kohoa kutoka chini kabisa, mate hayafai. Kikopo kifike maabara ndani ya saa mbili. Omba vijidudu vioteshwe na vijaribiwe dawa, pamoja na GeneXpert.
3. Pima malaria kwa kipimo cha haraka au slaidi.
4. Antibiotiki ianze siku hiyohiyo kwa maelekezo ya daktari wako, kwa dozi kamili. Kwa mwenye mirija iliyopanuka, siku 14 ni jambo la kawaida.

Makosa mawili yanaua hapa. La kwanza, kuishia kwenye malaria. Uganda malaria iko kila mahali, na kipimo kikionyesha mistari miwili watu wanatulia, wanameza dozi ya siku tatu na kungoja. Unaweza kuwa na malaria na nimonia kwa wakati mmoja. Zitibiwe zote. La pili, vidonge vya siku mbili vilivyofungwa kwenye karatasi kutoka dukani. Vinatuliza homa, vinaharibu kipimo cha makohozi, na vinamwachia kijidudu nafasi ya kuzoea dawa.

Usingoje hata simu ya daktari, nenda hospitali moja kwa moja, ukiwa na haya: oksijeni chini ya 92, pumzi zaidi ya 24 kwa dakika, kuchanganyikiwa, kichwa kuuma sana na shingo kukaza, macho kuona ukungu au vitu vyeusi vinavyoelea, kushindwa kumeza, au kuhara damu. La macho msilipuuze: virusi vya CMV hushambulia retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa watu wenye ugonjwa huu, na uoni uliopotea haurudi.

Hatua ya 8: Chanjo, soma kabla ya kunyoosha mkono

Chanjo hai usichomwe: homa ya manjano, surua, BCG ya kifua kikuu, polio ya matone. Ya homa ya manjano naiweka mbele kwa sababu Uganda iliiingiza kwenye chanjo za kawaida mwaka 2022, na kampeni zilizofuata ziliwalenga watu wa mwaka 1 hadi miaka 60. Mwenye ugonjwa wa thaimasi hatakiwi kuichoma hata kama tezi ilishatolewa, kwa maana virusi vya chanjo vinaweza kushambulia ini na viungo vingine. Wanaopita nyumba kwa nyumba wanafanya kazi nzuri, ila hawajui habari zako. Waonyeshe kadi.

Ukisafiri, mwombe daktari akujazie cheti cha msamaha wa kitabibu kwenye kadi ya kimataifa ya chanjo, na ujikinge na mbu kwa dhati huko uendako.

Chanjo zisizo hai, kama za mafua na za nimonia, daktari anaweza kukupa. Mwili wako huenda usiitikie vizuri, kwa hiyo waliomo nyumbani nao wachanjwe. Mtoto wa nyumbani apate chanjo zake zote bila kukosa. Akipewa matone ya polio, virusi hutoka kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa: mtu mwingine abadilishe nepi, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Hatua ya 9: Nyumbani

Chemsha maji ya kunywa hadi yatokote, na ya kupigia mswaki pia. Giardia, kijidudu cha utumbo kinacholeta kuhara, hukaa miezi kwa mwenye ugonjwa huu. Maziwa mabichi hapana, hata ukiwa Ankole kwa wakwe: yachemshwe mbele yako. Rolex ya barabarani, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, kula ikiwa mayai yameiva kabisa, na kabichi na nyanya mbichi zisiwekwe. Sigiri ipikiwe nje au chini ya dirisha wazi, na wewe usikae kwenye moshi. Mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili ndani ya nyumba apimwe kifua kikuu.

Hatua ya 10: Uvimbe wenyewe usisahauliwe

Thaimoma hurudi polepole, wakati mwingine baada ya miaka 10 au zaidi. Endelea na skani za CT kwa ratiba ya wapasuaji au ya Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, hata kama kifua kimetulia.

Mambo yakikwama

*Imunoglobulini haipatikani au pesa hazipo.* Usikae bila mpango. Kotrimoksazoli, usafi wa kifua na antibiotiki za mapema vinapunguza madhara, ingawa havichukui nafasi ya dripu. Mwulize daktari kama kutoa kipaumbele miezi ya mvua na mafua kunawezekana, na kama plasma iliyogandishwa inafaa kwako kwa muda. Ina hatari zake, kwa hiyo uamuzi huo ni wake.

*Kikohozi kinapona, kinarudi baada ya wiki.* Ama dozi ilikuwa fupi, ama kijidudu kimezoea dawa, ama mirija imepanuka. Yanahitajika makohozi mapya ya kuoteshwa na CT. Kubahatisha antibiotiki ya nne hakusaidii.

*Kuhara hakuishi.* Kinyesi kipimwe kwa hadubini zaidi ya mara moja, giardia itafutwe kwa makusudi, na kioteshwe. Ikiwa hakuna kitu na unakonda, omba kipimo cha utumbo kwa kamera; CMV hukaa huko pia. Usikubali tiba ya taifodi iliyotokana na Widal.

*Unapauka, unachoka, damu inashuka kila ukipimwa.* Thaimoma inaweza kuzuia uboho kutengeneza chembe nyekundu. Vidonge vya madini ya chuma havitasaidia. Mwambie daktari aombe hesabu ya chembe nyekundu changa.

*Kichwa kinauma siku mbili baada ya kila dripu.* Maji zaidi, mwendo wa polepole zaidi, dawa ya maumivu kabla. Kikija na shingo kukaza na mwanga kuumiza macho, nenda hospitali na useme ulipewa imunoglobulini lini.

*Daktari wa zamu hajawahi kusikia ugonjwa huu.* Si kosa lake, wengi hawatauona maishani. Mpe kadi, mfungulie daftari, na umpigie daktari wako wazungumze wao kwa wao.

*Kuna msiba kijijini na lazima uende.* Nenda. Panga safari isigongane na siku ya dripu. Beba themometa, vikopo viwili, dawa za wiki moja zaidi ya siku ulizopanga, barakoa kwa ajili ya taksi na matanga, na maji yako. Kabla ya kuondoka Kampala, uliza kituo cha afya cha daraja la IV kilicho karibu na kijiji kiko wapi na nani mwenye pikipiki usiku. Namba zake ziandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.